Ugomvi wa Saa Nne Asubuhi

Siku ya hitima ya shangazi, baada ya masinia kuondolewa na wageni wa mbali kuaga, baba mkubwa aliita wanafamilia ndani. Tuliketi mkekani, wanaume upande wa dirishani, wanawake karibu na mlango wa kwenda uani. Binamu yangu, kitinda mimba wa shangazi, alikaa peke yake karibu na kabati la vyombo. Baba mkubwa, ambaye kwake yeye ni mjomba, hakuzunguka. Alisema: "Wewe umemuua mama yako. Hukumnyanyulia mkono, lakini umemuua kwa mdomo. Na hapa hakuna asiyejua."

Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikupinga, na nitaeleza mbele kwa nini kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya kuliko kwa wengine. Binamu hakujibu neno. Baada ya arobaini alipanda basi kwenda Mtwara, na mpaka leo hajalala tena katika nyumba ile ya Tanga.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijiuliza kama baba mkubwa alisema kweli. Siulizi kama alisema vizuri, maana hakusema vizuri. Nauliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza kumuua mama yake kwa kumkasirisha, na kama inawezekana, hatia hiyo inapimwa kwa kipimo gani.

Kilichotokea hakibishaniwi. Binamu alikuwa amechukua hati ya kiwanja cha familia na kuiweka dhamana ili apate mkopo wa bajaji. Marejesho yalimshinda. Shangazi hakujua chochote mpaka mkopeshaji alipompigia simu yeye mwenyewe. Asubuhi iliyofuata, yapata saa nne, alikuwa uani anapepeta mchele kwenye ungo, binamu akatoka chumbani kwake akiwa bado na usingizi. Sauti zilipanda. Jirani alizisikia mpaka ng'ambo ya ukuta. Binamu alisema jambo ambalo hata yeye hapendi kulirudia, kwamba kiwanja kile ni cha baba yake na si cha mama. Shangazi alisimama, ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika. Alishika kisogo kwa mikono miwili akasema, "Kichwa changu! Kimepasuka." Akatapika. Akaanguka.

Maneno yale, kimepasuka, madaktari wa ubongo wanayajua vizuri katika kila lugha. Wagonjwa husimulia maumivu yanayofika kileleni kwa sekunde chache, kama radi, maumivu ya kichwa mabaya kuliko yote waliyowahi kuyaonja. Katika zahanati ya kwanza aliambiwa ni presha, akachomwa sindano ya maumivu na kulazwa kwa uangalizi. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa Dar es Salaam na kupigwa picha ya CT. Daktari, binti mdogo kwa umri lakini mwenye subira ya mtu mzima, alituchorea kwa kalamu mgongoni mwa boksi la glovu.

Mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo hukutana chini yake na kugawanyika kama barabara kwenye njia panda. Pale panapogawanyika ndipo damu inapogonga ukuta kwa nguvu. Kwa baadhi ya watu ukuta huo hulegea na kutokeza kijifuko. Alitupa mfano wa mpira wa ndani wa baiskeli unaochomoza pale tairi lilipochanika, na sote tukaelewa mara moja. Kitaalamu inaitwa aneurizimu. Katika kila watu wazima 100, takriban 3 wanacho kijifuko hicho, na wengi wao watazeeka nacho, watakufa nacho, wakizikwa kwa sababu nyingine kabisa. Kwa wachache kinapasuka. Damu inatoka kwa msukumo wa moyo na kusambaa katika nafasi nyembamba inayouzunguka ubongo, ndani ya fuvu ambalo halina pa kutanuka.

Ukiuliza mwisho wake ni upi, majibu hayafariji. Baadhi hawafiki hospitali kabisa. Kwa jumla, karibu theluthi ya waliovuja damu hufa katika wiki za mwanzo, ingawa idadi hiyo imekuwa ikishuka kwa miongo kadhaa pale huduma inapopatikana haraka. Wanaobaki hawarudi wote walivyokuwa. Wapo wanaotembea na kusalimia watu vizuri, jirani akadhani wamepona, kumbe hawawezi tena kufuata mazungumzo ya watu wawili kwa wakati mmoja, wanachoka saa sita mchana kama waliolima kutwa, wanasahau kuwa jiko linawaka, wanalia bila sababu. Hakuna bandeji ya kuonyesha, basi ndugu wanawaita wavivu.

Hatari haiishi pale damu inapokoma. Saa 24 za kwanza ni za kuogopa kijifuko kupasuka mara ya pili. Halafu, kuanzia kama siku ya 3 au ya 4 mpaka wiki ya pili, mishipa iliyolowa damu huweza kujikaza yenyewe na kuzinyima chakula sehemu za ubongo zilizokuwa salama. Kwa ajili ya kipindi hiki hutolewa dawa ya nimodipini, kila baada ya saa nne, kwa siku 21. Kijifuko chenyewe hufungwa kwa njia mbili: kufungua fuvu na kukibana shingo kwa klipu, kazi iliyofanywa kwa mara ya kwanza na Walter Dandy huko Baltimore mwaka 1937, au kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja mpaka kichwani na kukijaza waya laini wa platinamu. Ukiangalia kalenda hiyo utaona kwamba siku tatu tulizopoteza njiani zilikuwa siku zenye thamani kubwa kuliko zote.

Siku ya nne na ya tano shangazi alizungumza. Aliomba chai ya tangawizi. Aliuliza habari za kila mtu kwa jina. Akasema, "Mwiteni mwanangu." Binamu alikuwa nje ya geti, hajathubutu kuingia. Siku ya tano aliingia, akakaa naye muda, akatoka bila kumwambia mtu walichoongea. Siku ya sita shangazi alianza kumwita muuguzi kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Mishipa ilikuwa imejikaza. Upasuaji uliopangwa ukaahirishwa. Siku ya tisa tukampoteza.

Matangani ilisemwa mara nyingi kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza, kwamba kila nafsi ina ajali yake imeandikwa, kwamba sisi ni wa Mola na kwake tutarejea. Nayaamini maneno hayo. Lakini vinywa vilevile, baada ya sahani ya pilau, vilitafuta mtu. Sidhani kama ni unafiki. Nadhani ni maswali mawili tofauti, na tunayajibu kwa wakati mmoja kwa sababu kifo cha ghafla hakiachi nafasi ya kupanga maswali kwenye foleni.

Katika lugha yetu, hasira inaua kila siku. Mtoto mtundu "atanitoa roho". Mume mlevi "ataniua kwa presha". Presha yenyewe tunaizungumzia kana kwamba ni kitu kinachopandishwa na watu: "usimpandishe mama presha." Hakuna anayesema presha ya mama iko juu saa tisa usiku akiwa amelala, hakuna mtu wa kumkasirisha, na figo zake zikifanya kazi ya taratibu ya kuharibika. Kwa hiyo baba mkubwa aliposema "kwa mdomo" hakuhitaji kueleza. Sote tulikwishaelewa kabla hajafungua kinywa.

Nilitafuta utetezi. Nilitaka kumpelekea binamu karatasi yenye maandishi ya kisayansi inayosema kwamba ugomvi hauhusiki. Nikapata utafiti uliofanywa Utrecht, Uholanzi, ukachapishwa mwaka 2011. Watafiti waliwauliza wagonjwa 250 walionusurika walikuwa wakifanya nini muda mfupi kabla ya mshipa kupasuka, wakalinganisha na mazoea yao ya kila siku. Yalijitokeza mambo manane yanayoongeza hatari kwa muda mfupi: kahawa, kola, mazoezi makali, kupenga kamasi, kujikamua chooni, tendo la ndoa, kushtuka, na hasira.

Hasira ilikuwemo. Nilifunga simu nikaiweka mezani. Kwa siku mbili sikusoma zaidi.

Niliporudi nilikuta sehemu ambayo nisingeielewa kama ningeisoma kwa haraka. Katika muda mfupi baada ya kukasirika, hatari ilipanda zaidi ya mara sita. Baada ya kushtuka, zaidi ya mara ishirini. Baada ya kikombe cha kahawa, haikufika hata mara mbili. Ukisimama hapo, baba mkubwa ameshinda kesi. Lakini watafiti waliuliza pia swali la pili: kati ya watu wote waliopasukiwa, ni sehemu gani ingeweza kuhesabiwa kwa kila jambo? Hapo kahawa ikaongoza, zaidi kidogo ya asilimia 10. Hasira ikawa ya mwisho, asilimia 1 na kidogo. Sababu ni rahisi. Hasira kali ni adimu, kahawa hunywewa kila siku. Kitu kidogo kinachorudiwa na watu wengi huzaa vifo vingi kuliko kitu kikubwa kinachotokea mara moja.

Nilicheka peke yangu kwa uchungu. Sijawahi kusikia kikao cha familia kilichoitishwa dhidi ya kahawa. Hakuna mjomba aliyewahi kumwambia mtu, "Wewe ndiye uliyempa kitambaa apenge kamasi." Na nilijua pia udhaifu wa hesabu ile: waliulizwa walionusurika tu. Waliokufa kama shangazi hawakuwepo kusimulia asubuhi yao.

Utafiti huo haukuniruhusu kusema ugomvi haukuhusika. Haukuniruhusu pia kusema ndio uliohusika. Uliniambia kwamba kwa mtu mmoja, asubuhi moja, uani pamoja na ungo wake, hakuna daktari anayeweza kujua. Huenda kijifuko kilikuwa kimebakiza dakika kumi. Huenda kilikuwa kimebakiza miaka thelathini.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Edward Evans-Pritchard, katika kitabu chake kuhusu Wazande wa upande wa kusini mwa Sudan kilichotoka mwaka huohuo wa 1937, anaeleza habari ya ghala. Watu huketi chini ya ghala la nafaka mchana wa jua kali kujisitiri. Siku moja ghala linaanguka na kuwajeruhi. Wazande wanajua kabisa kwamba mchwa walikula nguzo. Hawahitaji kufundishwa. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile watu hawa walipokuwa chini yake, wala si wengine, wala si saa nyingine. Kwa swali hilo mchwa hawana jibu, na hapo ndipo wanapotaja uchawi. Wageni wengi walisoma habari hiyo wakaona ujinga wa watu wa mbali. Mimi niliisoma nikaona mkeka wetu wa Tanga. Madaktari walitupa mchwa. Sisi tulitaka kujua kwa nini saa nne, kwa nini Jumatano, kwa nini ungo ukiwa mkononi. Tukamweka binamu mahali pale Wazande walipoweka mchawi.

Wakati huo wote, mchwa walikuwa na majina. Vihatarishi vinavyojulikana si siri: kuwa mwanamke, hasa baada ya kupita miaka 50, kuwa na ndugu wa damu aliyewahi kupasukiwa, kuvuta sigara, kunywa pombe nyingi, na shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa. Shangazi alikuwa na miaka 58. Hakuvuta wala hakunywa. Presha alikuwa nayo kwa miaka tisa.

Sasa niseme langu.

Miezi minne kabla ya kifo chake shangazi alinipigia simu. Mimi ndiye niliyekuwa namnunulia dawa Dar es Salaam na kumtumia kwa basi, kwa sababu Tanga, alisema, walikuwa wakimpa mara hizi mara zile. Alikuwa akinywa amlodipini. Aliniita "baba", kama shangazi wote wanavyowaita watoto wa kaka zao. "Baba, hizi dawa zimenijaza miguu. Viatu haviingii." Nilikuwa ofisini, nina watu wananisubiri. Nilimwambia, "Basi zipumzishe kidogo shangazi, ukija huku nikupeleke kwa daktari akubadilishie."

Kuvimba miguu ni kero ya kawaida ya dawa ile. Daktari angeibadilisha kwa dakika tano. Lakini safari ya kuja Dar ilisogezwa mbele kwa sababu ya mvua, halafu kwa sababu ya harusi, halafu kwa sababu mimi nilikuwa na safari ya kikazi. Sikutuma dawa, kwa kuwa alikuwa amezipumzisha. Kule hospitalini, yule daktari alituuliza kwenye korido, "Mama alikuwa anatumia dawa zake za presha?" Dada wa binamu akajibu haraka, kwa fahari kidogo, "Kila siku. Kaka huyu hapa ndiye anayemletea." Daktari akaandika. Mimi nilitazama sakafu.

Kwa hiyo mkekani siku ile tulikuwa watu wawili. Mmoja alimpandishia mama sauti kwa dakika zisizozidi nne. Mwingine alimwachia shinikizo likigonga ukuta uleule kwa miezi minne, usiku na mchana. Yupi alikuwa karibu zaidi na kifo? Kwa saa, ni yeye. Kwa mchwa, ni mimi. Na aliyehukumiwa ni mmoja.

Wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliliandikia jambo hili mwaka 1976, wakaliita bahati ya kimaadili. Nagel anamtaja dereva wa lori aliyepuuza kukagua breki. Madereva wengi hupuuza, wakafika salama, wakala chakula cha jioni na watoto wao. Mmoja anakutana na mtoto barabarani. Uzembe wao ni uleule, lakini mmoja tu ndiye anayeitwa muuaji. Nimepita Chalinze mara nyingi usiku nikiwa ndani ya mabasi ambayo sikutaka kujua habari za breki zake, na mfano huo hauhitaji kuelezwa kwetu. Breki zangu zilikuwa vidonge vya amlodipini. Ni watu wangapi mwaka ule waliwaambia mama zao "zipumzishe kidogo", na mama zao wako hai wanapepeta mchele?

Williams naye anamleta dereva mwingine, ambaye hakufanya kosa lolote. Mtoto anakimbilia barabarani, dereva hawezi kusimama. Tunamfariji, tunamwambia si kosa lako. Lakini, anasema Williams, tungemshangaa dereva huyo kama angekubali faraja yetu upesi mno, akafuta mikono na kuendelea na safari. Kuna majuto ambayo ni ya yule tu ambaye mkono wake ulikuwa kwenye usukani, na mtazamaji hawezi kuyabeba kwa niaba yake. Nilisoma ukurasa huo nikiwa bado nadhani kazi yangu ni kumwondolea binamu hatia. Sikuupenda.

Kwa upande wa sheria, jambo hili si jepesi kama nilivyotarajia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama alichofanya ni kuharakisha tu kifo cha aliyekuwa na ugonjwa ambao ungemuua baadaye. Huwezi kujitetea kwamba marehemu alikuwa na mshipa dhaifu. Ila ili liwe kosa la kuua, tendo lenyewe lazima liwe haramu, na kugombana na mama yako kuhusu kiwanja, ingawa ni aibu, si jinai. Sheria inaitofautisha sababu na hatia, na kikao cha familia hakikuitofautisha. Mtu anaweza kuwa amesababisha jambo bila kuwa na hatia nalo. Anaweza pia kuwa na hatia kubwa ya jambo ambalo halikutokea kabisa.

Lipo jambo jingine ambalo sikuwa nimeliona mpaka nilipoanza kuuliza wazee. Bibi yetu, mama yake shangazi na baba mkubwa, alikufa mwaka 1974 kisimani. Alishika kichwa, akapiga kelele, akaanguka kando ya ndoo. Kijijini ilisemwa ni jini la kisima. Hakuna picha iliyopigwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha chochote. Lakini mtu ambaye mama yake na dada yake wote wamevuja damu kwenye ubongo kwa namna hiyo ni mtu ambaye madaktari wengi wangependa apimwe, maana kijifuko hiki hufuata damu ya ukoo. Na baba mkubwa amekuwa akivuta sigara tangu kabla mimi sijazaliwa. Yeye aliyetoa hukumu ndiye mwenye mchwa wengi kuliko sisi wote.

Nilikwenda kumwona. Nilimpa shikamoo, tukaongea habari za mvua, kisha nikamweleza polepole. Alisikiliza. Akauliza swali la mtu mwenye akili: "Wakikikuta, watafanya nini?"

Sikumdanganya. Kwa mtu wa umri wake, kijifuko kikiwa kidogo, huenda wakasema ni afadhali kukiangalia tu, kwa sababu kukiziba kuna hatari zake, na zinaweza kuzidi hatari ya kukiacha. Angerudi nyumbani na kitu kilekile alichokwenda nacho, tofauti ikiwa ni kwamba sasa anakijua. Wapo wanaolala vizuri zaidi wakijua. Wapo ambao kila kikohozi kitakuwa kengele. Lakini sigara na presha, nilimwambia, haviitaji picha yoyote ili kushughulikiwa.

Alicheka, akalitikisa boksi la kiberiti. "Sasa nikianguka kesho, nani atakuwa ameniua? Si wewe uliyekuja kunitia hofu?"

"Huenda," nilisema. "Kama ulivyomwambia binamu."

Hakuwasha ile sigara. Hakuitupa pia. Aliishika mkononi mpaka nilipoaga, na mimi sijui alifanya nini nayo baadaye. Kupimwa hakupimwa. Dawa ya presha, dada wa binamu ananiambia, sasa anainywa.

Mwezi uliopita nilimpigia binamu simu Mtwara. Nilikuwa nimejipanga kama wakili. Nikamwambia kuhusu tairi na mpira wa ndani, kuhusu Utrecht, kuhusu kahawa, kuhusu asilimia 1. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake nilisikia muungurumo wa bajaji, na nikakumbuka kwamba mkopo ule alikuwa bado anaulipa, na kwamba hati ya kiwanja ilikuwa imerudi kabatini tangu mwaka jana bila yeye kumwambia mtu.

"Kwa hiyo changu mimi ni asilimia moja," alisema.

"Si hivyo hasa. Ni kwamba haijulikani."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kaka, usiniondolee yote. Siku ile niliyoingia wodini, unajua aliniuliza nini? Aliniuliza kama mchele ulizolewa uani au kuku waliula. Nikamwambia niliuzoa. Nilikuwa sijauzoa. Ukiniambia ule ugomvi haukuwa kitu, basi na lile swali halikuwa kitu."

Sikuwa na jibu la utafiti wowote. Nilimwacha nalo. Halafu nikafanya kile nilichopaswa kufanya mkekani miaka mitatu iliyopita. Nikamweleza kuhusu simu ya shangazi nikiwa ofisini, na vidonge, na korido, na sakafu niliyoitazama. Nilitumia maneno machache, kwa sababu ukilisema kwa ufupi ndivyo linavyokuwa zito.

Bajaji ilizimwa. Nilisikia anaketi mahali fulani, nilisikia upepo kwenye simu. Nilingoja anitukane, na ningekubali.

"Hiyo miguu," aliuliza hatimaye, "ilikuwa imevimba sana? Mbona mimi sikuiona? Nilikuwa naishi naye."